Dola milioni 828 na wahasibu wanne wa Mississippi

Hesabu za robo ya tatu ya mwaka 2000 zilipokuwa zinafungwa huko Clinton, Mississippi, makao makuu ya kampuni ya simu ya WorldCom, namba zilikataa. Mapato yalikuwa yamedumaa, gharama zimepanda, na Wall Street ilikuwa inasubiri faida ambayo haikuwepo. Mkurugenzi wa fedha, Scott Sullivan, akamwagiza mhasibu mkuu, David Myers, azibe pengo. Myers akamshushia agizo Buford Yates, aliyesimamia hesabu za jumla. Yates akawaita wasaidizi wake wawili, Betty Vinson na Troy Normand, akawaeleza kinachotakiwa: wapunguze dola milioni 828 kwenye akiba iliyotengwa kulipia gharama za laini.

Kisa cha WorldCom husimuliwa kwa kawaida kuanzia mwishoni, kampuni ilipoanguka Julai 2002 ikiwa na mali za zaidi ya dola bilioni 100 vitabuni, anguko kubwa kuliko lolote lililokuwa limewahi kutokea Marekani hadi siku hiyo. Mimi naona cha kujifunza zaidi kimo katika agizo lile la Oktoba, kwenye ofisi ya watu ambao majina yao hayakuwahi kutokea kwenye ripoti ya mwaka.

Kwanza gharama za laini zenyewe. Simu ya mteja haisafiri kwenye nyaya za kampuni moja mwanzo hadi mwisho. WorldCom ililazimika kuzilipa kampuni nyingine zibebe simu na data za wateja wake, na malipo hayo ndiyo yaliyokuwa mzigo wake mkubwa kuliko wote, karibu nusu ya matumizi. Ankara huchelewa, mara nyingine kwa miezi. Kwa hiyo mhasibu hukadiria deni, huliandika kama gharama ya mwezi husika, kisha hutenga kiasi hicho hadi ankara ifike. Kadirio likionekana limezidi, ziada hurudishwa na gharama za kipindi hicho hupungua. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, hufanyika kila mahali.

Tatizo ni kwamba hapa hakuna aliyekagua akiba akakuta imezidi kwa dola milioni 828. Kiasi hicho kilipatikana kinyumenyume. Walianza na faida iliyotakiwa, wakatoa faida iliyopo, tofauti ikabatizwa jina la ziada. Ubaya wa kazi ya aina hii ni kwamba ukiitazama kwenye leja, kitabu kikuu cha hesabu, inafanana na kazi halali. Akaunti ni zilezile na ingizo ni la aina ileile. Kinachokosekana ni karatasi ya kuthibitisha, na mtu pekee anayejua kwa hakika kwamba karatasi haipo ni yule anayeandika.

Vinson na Normand walishtuka, wakamwambia Yates kwamba jambo hili si sahihi. Yates naye hakulipenda. Akawaambia kwamba hata Myers halimfurahishi, ila wamehakikishiwa halitarudiwa tena. Wakafanya. Tazama mashaka yalivyosafiri kwenye ngazi hiyo: kila mmoja alikuwa nayo, na kila mmoja akatulizwa na mashaka ya aliye juu yake. Bosi wangu naye anaumia, kwa hiyo tuko pamoja kwenye kipindi kigumu. Laiti Yates angetoa amri kavu bila huruma, huenda wale wawili wangekuwa na ujasiri zaidi wa kukataa.

Matokeo ya robo mwaka yalipotangazwa mwishoni mwa Oktoba, dhamiri ilimsumbua Vinson, akasema anataka kuacha kazi. Normand pia. Waliandaa barua ya kujiuzulu iliyotaja maingizo hayo ya mwisho wa robo mwaka kuwa ndiyo sababu. Habari zikamfikia Sullivan, akawaita ofisini kwake.

Sullivan hakuwa mtu wa kubezwa. Mwaka 1998 jarida moja la wakuu wa fedha lilikuwa limemtunuku kwa umahiri wake, na ndani ya kampuni aliheshimiwa kama mtu anayejua hesabu kuliko wote. Hakuwafokea. Aliwaambia waifikirie kampuni kama manowari inayobeba ndege za kivita. Ndege ziko angani. Wamsaidie kwanza zitue salama. Zikishatua, anayetaka kuondoka aondoke. Akaongeza kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, na kwamba kukitokea lolote atalibeba yeye.

Katika shauri zima sijaona maneno yaliyotungwa kwa ustadi kuliko hayo. Hayamwombi mtu adanganye. Yanamwomba asiwatupe wenzake hewani, na hivyo anayekataa ndiye anayeonekana msaliti. Kisha kuna ile ahadi ya "nitalibeba mimi", ambayo wafanyakazi wengi tumewahi kuisikia kwa sauti moja au nyingine. Sullivan alikuwa anagawa kitu ambacho hakuwa nacho. Mkurugenzi anaweza kumbebea mtu lawama za ofisini, lakini jinai hairithishwi wala haikabidhiwi: aliyeandika ingizo akijua ni la uongo analo lake, na aliyemtuma analo lake.

Vinson alikuwa ndiye mwenye kipato kikubwa nyumbani kwake, na bima ya afya ya familia ilitegemea kazi yake. WorldCom ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote Mississippi. Kuondoka pale hakukuwa sawa na kuhama ofisi moja ya New York kwenda nyingine mtaa wa pili. Barua haikufikishwa.

Juu kabisa ya ngazi alikuwa Bernard Ebbers, Mkanada wa Edmonton aliyewahi kufundisha mpira wa kikapu na kumiliki moteli, kabla ya kuingia kwenye kampuni changa ya simu iliyoanzishwa Mississippi mwaka 1983, ile iliyokuja kuwa WorldCom. Alikuwa mkuu wake mwaka 1985, na tangu hapo aliikuza kwa njia moja: kununua kampuni nyingine. Mwaka 1998 aliinunua MCI, iliyokuwa kubwa kuliko yake, kwa karibu dola bilioni 37. Juni 1999 hisa moja ya WorldCom iligonga dola 64.50. Halafu njia ikafungwa. Serikali ya Marekani na Umoja wa Ulaya zilipinga ununuzi wa Sprint, kampuni nyingine ya simu, ukavunjika Julai 2000. Kampuni iliyozoea kukua kwa kumeza haikuwa tena na cha kumeza, na soko la mawasiliano lenyewe lilikuwa limejaa nyaya zisizo na wateja.

Ebbers alikuwa na sababu yake binafsi ya kuogopa hisa zishuke. Alikopa fedha nyingi benki kwa dhamana ya hisa zake, akanunua misitu, mashamba, na ranchi kubwa sana ya mifugo huko British Columbia. Hisa zilipoporomoka, benki zikadai dhamana zaidi. Bodi ya WorldCom, badala ya kumwacha auze, ikamkopesha fedha za kampuni na kumdhamini, hadi deni likapita dola milioni 400. Wajumbe waliona wanailinda bei ya hisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo bodi ilipopoteza haki ya kusema haikujua kampuni inaendeshwa kwa ajili ya nani.

Ahadi ya kwamba halitarudiwa ilidumu miezi mitatu. Robo ya nne ya mwaka 2000 akiba ziliguswa tena. Ilipofika robo ya kwanza ya 2001 hakukuwa tena na akiba ya kutosha kuchotwa, na pengo lilikuwa kubwa zaidi. Sullivan akaja na wazo jipya. Sehemu ya gharama za laini, alisema, ni kukodi uwezo wa mitandao ambao bado hauna wateja. Wateja watakuja, kwa hiyo fedha hizo zichukuliwe kama uwekezaji. Zitolewe kwenye matumizi, ziingizwe kwenye mali za kampuni.

Ni sawa na mpangaji anayelipa kodi ya chumba Kariakoo kila mwezi, halafu kwenye daftari lake anaandika kwamba amejenga nyumba. Kodi ya mwezi uliopita imeshaliwa. Mwezi huo ukiisha huna kitu mkononi cha kuuza wala cha kurithisha. Gharama ya kawaida hukata faida ya mwaka huohuo yote kwa mpigo, lakini mali huchakaa polepole, na gharama yake husambazwa kwa miaka mingi. Hamisha ankara kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na faida inazaliwa bila mteja mmoja kuongezeka.

Kiasi cha robo ile kilikuwa dola milioni 771. Vinson ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta pa kukiweka. Alipekua akaunti za mali akachagua chache, akakihamishia huko, na maingizo yakapewa tarehe za nyuma, Februari, ili yaonekane yalifanywa kabla ya robo kwisha. Tarehe hizo ndizo zinanifanya nishindwe kumtetea kikamilifu. Akiba mtu anaweza kujidanganya kwamba ni suala la makadirio. Tarehe haikadiriwi.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kila robo: milioni 610, kisha 743, kisha 931. Vinson na Normand walipandishwa vyeo na mishahara. Wa Vinson ulifika takriban dola 80,000 kwa mwaka. Alikuwa halali usiku na mwili unapungua, lakini namba zinakuja na anazipachika. Kwa mwaka mzima wa 2001 WorldCom ilitangaza faida ya dola bilioni 2.393 kabla ya kodi. Ondoa hizo bilioni 3.055 zilizohamishwa, unabaki na hasara ya milioni 662. Robo ya kwanza ya 2002 zilihamishwa milioni 797 zaidi: iliyotangazwa ni faida ya milioni 240, ya kweli ni hasara ya milioni 557. Uwiano wa gharama za laini kwa mapato ukabaki asilimia 42 hivi, robo baada ya robo, wakati uwiano halisi ulikuwa umepita 50. Washindani wanaokodi mitandao ileile katika soko lilelile walikuwa wanavuja damu, na WorldCom peke yake haikuwa na hata mchubuko. Wachambuzi walioiangalia namba hiyo waliisifu kama dalili ya uongozi bora.

Je, kulikuwa na mtu aliyekataa? Alikuwepo, na kisa chake hakisimuliwi vya kutosha. Steven Brabbs alisimamia fedha za WorldCom nje ya Marekani, akiwa Uingereza. Mapema mwaka 2000, kabla hata ya kile kikao cha Vinson, aliona kwamba baada ya kufunga vitabu vyake mtu fulani huko Marekani amepunguza gharama zake za laini kwa dola milioni 33.6. Aliuliza ushahidi, akaambiwa ni maelekezo ya Sullivan. Hakunyamaza. Alilalamika kwa wakubwa na akawaeleza wakaguzi wa nje, Arthur Andersen, ofisi ya London. Baadaye alipotakiwa afanye ingizo la namna hiyo mwenyewe, alikataa kulipitisha kwenye vitabu vya kampuni anazozisimamia, akaliweka kando kwenye kampuni nyingine ndogo ya kundi hilo ili lisichafue hesabu zake.

Alilinda vitabu vyake. Kampuni hakuiokoa, kwa sababu malalamiko yake yaliishia kwa watu walewale waliotoa maelekezo, na kwa mkaguzi ambaye hakuyafanyia kazi. Andersen ndani ya mafaili yao waliiweka WorldCom miongoni mwa wateja wenye hatari ya juu kabisa, lakini kamati ya ukaguzi ya bodi hawakuiambia. Waliponyimwa ruhusa ya kuingia kwenye leja, waliendelea kukagua kwa kutegemea ripoti walizoandaliwa na waliokuwa wanakaguliwa.

Aliyevunja mduara huo ni Cynthia Cooper, makamu wa rais aliyeongoza ukaguzi wa ndani. Kitengo chake kilikuwa kidogo na kazi yake rasmi haikuwa hesabu za fedha. Hizo ziliachiwa Andersen. Mwezi Machi 2002 mkuu wa kitengo cha simu zisizotumia waya alimlalamikia kwamba dola milioni 400 alizotenga kwa madeni yasiyolipika zimechukuliwa ili kupandisha faida. Cooper alipofuatilia, Sullivan alimkaripia akamwambia hayamhusu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kwa upande wa Sullivan. Mtu aliyewatuliza Vinson na Normand kwa hadithi ya manowari alimfokea mkaguzi, na mkaguzi akaanza kujiuliza kuna nini.

Mei mwaka huo, msaidizi wake Glyn Smith alimtumia makala ya gazeti dogo la Fort Worth, Texas, kuhusu mfanyakazi aliyefukuzwa baada ya kulalamika kwamba gharama zinaandikwa kama mali. Wakaanza kuchimba. Gene Morse, fundi wa mifumo kwenye timu hiyo, alipata njia ya kuingia kwenye mfumo wa hesabu na kuvuta maingizo yenyewe, moja moja, badala ya muhtasari. Maingizo yalikuwa mengi kiasi cha kuielemea seva, ikabidi afanye kazi hiyo usiku, na alichokipata akakinakili kwenye diski asije akafutiwa. Wiki chache baadaye walikuwa na takriban dola bilioni 2 za "mali" ambazo hakuna aliyeziidhinisha, zikiwa na jina la ajabu: uwezo uliolipiwa kabla.

Juni 11 Sullivan alimwomba Cooper asogeze ukaguzi huo mbele hadi robo ya tatu. Alikataa. Siku chache baadaye yeye na Smith walikwenda mlango kwa mlango kuuliza swali moja: uthibitisho wa maingizo haya uko wapi? Vinson alisema ameyafanya kwa maelekezo, uthibitisho hana. Yates akawaelekeza kwa Myers. Myers akakiri kwamba uthibitisho haupo, na kwamba angeweza kurudi nyuma kuutengeneza lakini hataki. Akasema maingizo hayo yalimkosesha raha tangu mwanzo, ila yakishafanyika robo ya kwanza inakuwa vigumu kuacha.

Miaka miwili ya mashaka ilikuwa imehifadhiwa kwenye vichwa vya watu wanne, na ilitoka ndani ya siku moja kwa sababu mtu aliuliza moja kwa moja.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Juni 25, 2002 WorldCom ilitangaza udanganyifu wa dola bilioni 3.8, Sullivan alifukuzwa na Myers akajiuzulu. Uchunguzi ulipokamilika kiasi kilikuwa kama bilioni 11. Julai 21 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na siku tisa baadaye Rais George W. Bush akatia saini sheria ya Sarbanes-Oxley, inayowalazimisha mkuu wa kampuni na mkurugenzi wa fedha kuthibitisha hesabu kwa saini zao, na kamati za ukaguzi kuwa na njia ya kupokea malalamiko ya wafanyakazi bila kupitia kwa wakubwa wao. Hicho kipengele cha pili hutajwa kwa nadra, lakini kinajibu hasa yaliyompata Brabbs.

Mahakamani Ebbers alidai kwamba hakujua, kwamba hesabu si fani yake. Machi 2005 baraza la wazee wa mahakama halikumwamini. Alihukumiwa miaka 25, akaachiwa Desemba 2019 kwa sababu ya afya, akafariki mwanzoni mwa Februari 2020. Sullivan alikiri, akatoa ushahidi dhidi ya bosi wake, akapata miaka mitano. Myers na Yates mwaka mmoja na siku moja kila mmoja. Normand alipewa miaka mitatu ya kuangaliwa nje ya gereza. Vinson, aliyekiri Oktoba 2002 na kutoa ushahidi dhidi ya Ebbers, alipata miezi mitano gerezani na mitano mingine ya kifungo cha nyumbani. Kwa hiyo ndege zilitua, na mbebaji aliyeahidiwa akawa ndiye shahidi mkuu wa upande wa mashtaka.

Jaji Barbara Jones alimwambia Vinson kwamba laiti angekataa, huenda njama yote ingekufa ikiwa changa. Nimelifikiria sana neno hilo, na nalikubali nusu. Mhasibu mmoja akikataa, Sullivan angetafuta mwingine. Brabbs ni ushahidi kwamba ukweli wa mtu mmoja unaweza kuzungukwa. Lakini Oktoba 2000 hakukuwa na mtu mmoja. Vinson, Normand, Yates na Myers wote waliona kosa, na chini ya Sullivan hakukuwa na mwingine katika ofisi ile aliyejua leja kama wao. Walijadiliana wawili wawili, kwa kushuka na kupanda ngazi, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Haikutokea hata mara moja wanne hao wakaketi chumba kimoja, Sullivan akiwa hayupo, wakaulizana nani kati yao yuko tayari kuliandika ingizo hilo.